Mazoezi Yasiwe ya Wateule

Tangu mwaka 1992, tarehe 10 Oktoba imekuwa siku ya dunia nzima kukumbuka afya ya akili. Katika nchi yetu siku hiyo huangukia majira ambayo vijana wa kidato cha nne wamebakiwa na majuma machache tu kabla ya mtihani wao wa Novemba. Taa za mabweni huwaka hadi usiku wa manane, walimu husahihisha majaribio hadi macho yakawauma, na wazazi huuliza swali moja tu, nalo ni alama. Hotuba husomwa, mabango hutundikwa, na kesho yake kila mtu hurudi kuketi palepale alipokuwa ameketi jana.

Leo tunapenda kusema juu ya jambo lisilohitaji fedha nyingi wala mtaalamu kutoka ng'ambo, lakini ambalo likifanywa kwa akili litawafaa wanafunzi na walimu, makarani na matarishi, wapishi na walinzi. Jambo lenyewe ni mashindano ya mazoezi ya viungo yasiyomwacha mtu nje. Tunasema mashindano, na papo hapo tunasema yasimwache mtu nje. Wapo watakaoona kwamba maneno hayo mawili yanapingana, na sisi tunakusudia kuonyesha kwamba hayapingani.

Kwanza tutazame ukubwa wa shida. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa na tatizo la akili la namna moja au nyingine, na yaliyo mengi katika hayo ni wasiwasi uliopita kiasi na sonona. Shirika hilohilo linasema kwamba maradhi hayo mawili huipotezea dunia kiasi cha siku bilioni 12 za kazi kila mwaka. Nyuma ya hesabu hiyo wapo watu tunaowafahamu. Yupo mwalimu anayeingia darasani huku moyo umekufa ganzi, na yupo mwanafunzi anayesoma ukurasa mmoja mara tano asiambulie kitu. Yupo pia karani anayenyamaza wiki nzima, na wenzake wakadhani ana maringo. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi ya namna hii hufichwa kuliko mengine yote, kwa sababu mgonjwa huogopa kuitwa mwenda wazimu au mvivu.

Sasa mazoezi yanaingiaje hapo? Uhusiano wa jasho na afya si uvumi wa mitaani. Mwaka 1953 tabibu Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mjini London. Waliwalinganisha madereva, ambao hukaa kitini siku nzima, na makondakta, ambao hupanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Watu hao walikuwa katika basi lilelile na zamu ileile, lakini makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Baada ya hapo wataalamu wengi wakaendelea kuchunguza, na si moyo peke yake. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaosema kwamba mtu mzima anapaswa kuushughulisha mwili wake kwa kiasi cha kadiri muda wa dakika 150 hadi 300 kwa juma, na kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Mwongozo huo unataja kwamba mazoezi hupunguza dalili za wasiwasi na sonona, huleta usingizi mwema, na kwa watoto husaidia hata akili ya masomo.

Dakika 150 si mlima. Ni nusu saa kwa siku tano za juma. Ni mwendo wa haraka kiasi cha kumfanya mtu ahisi pumzi yake, lakini bado aweze kuzungumza na mwenzake. Hata hivyo shirika hilo limeona kwamba katika mwaka 2022 watu wazima wapatao asilimia 31 duniani hawakukifikia kiasi hicho. Wenye umri wa miaka 11 hadi 17 ni zaidi ya hao, maana hesabu ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba vijana wanne katika kila watano hawakukifikia kipimo chao. Kwa hiyo ugonjwa upo na sehemu ya dawa inajulikana, lakini dawa hailiwi.

Haiwezi kusemwa kwamba nchi yetu haikufanya lolote. Desemba 2016, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Ndugu Samia Suluhu Hassan, alizindua mpango wa kuwataka wananchi wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Majirani zetu wa Rwanda walianza mwaka huohuo kufunga baadhi ya barabara za Kigali kwa magari katika siku maalumu, ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli. Shule zetu zina UMITASHUMTA na UMISSETA. Watumishi wa wizara wana SHIMIWI, na wale wa mashirika ya umma wana SHIMUTA, ambako watu wazima huvuta kamba hadi viganja vikachubuka. Haya yote ni mambo ya kujivunia, wala hatusemi yaondolewe.

Lakini tuseme kweli. Katika mashindano mengi ya namna hiyo wachezaji ni wateule. Shule ya wanafunzi 800 huchagua vijana 20 au 30, ikawavalisha jezi na kuwapeleka wilayani, na waliobaki kazi yao ni kupiga makofi. Katika ofisi hali ni hiyohiyo. Wale vijana wepesi wa idara ndio wanaokwenda kila mwaka, na mama wa masijala aliyeketi kitini miaka 20 haulizwi hata siku moja kama naye angependa kunyoosha mgongo. Na Jumamosi ya mazoezi mahali pengine imegeuka kuwa sherehe ya fulana. Mgeni rasmi hufika amechelewa, hutembea hatua mia mbili mbele ya wapiga picha, kisha watu hunywa soda wakaondoka. Mazoezi ya namna hiyo hayawezi kumfikia mtu anayeumia moyoni, kwa sababu mtu huyo hapendi kuonekana, na sherehe ni kwa ajili ya wanaopenda kuonekana.

Sisi wenye umri wa makamo tunaukumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi. Alfajiri, umande ukiwa bado juu ya nyasi, tulikimbia miguu mitupu huku mmoja akianzisha wimbo na wengine tukiitikia, na vumbi likapanda nyuma yetu. Hakuna aliyetufundisha neno afya ya akili, lakini tuliingia darasani tumechangamka, na ugomvi wa jana ulikuwa umesahauliwa njiani. Hiyo ilikuwa hazina. Lakini tukikumbuka tukumbuke yote. Aliyefika wa mwisho alichapwa fimbo. Na katika shule tuliyosoma sisi alikuwapo mwenzetu mmoja ambaye mguu wake ulikuwa umepooza. Kila asubuhi aliachwa mlangoni mwa darasa kulinda madaftari yetu. Alizijua nyimbo zetu zote, maana alizisikia zikienda na kuzisikia zikirudi, lakini hakuna mwalimu wala mwanafunzi aliyewahi kufikiri kwamba angeweza kuwa ndiye mwanzishaji, au kwamba mbio zingeweza kugeuzwa mwendo siku mojamoja ili naye awemo. Nasi tulikuwa miongoni mwa wale wasiofikiri. Tunaliandika jambo hili kwa aibu, kwa sababu milango ya namna ile ipo hata leo, na watoto wa namna ile bado wameketi hapo.

Wala si suala la huruma tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema kwamba watoto wenye ulemavu wawe na nafasi sawa na wenzao katika michezo, pamoja na ile ya shuleni. Mwongozo wa mwaka 2020 tulioutaja nao una sehemu ya watu wenye ulemavu. Na mtu akituambia kwamba kipofu hawezi kukimbia, tutamtajia Henry Wanyoike wa Kenya, aliyetwaa medali ya dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, akikimbia na mwongozaji kando yake.

Basi tunapendekeza nini? Tunapendekeza kila shule, kila chuo na kila mahali pa kazi paandae shindano la majuma manne, angalau mara mbili kwa mwaka. Katika shule liwekwe kabla ya majira ya mitihani, wakati mzigo wa mawazo unapoanza kuwa mzito. Watu wagawanywe vikundi vya watu kumi kumi kwa kura, ili mkuu wa shule ajikute pamoja na mpishi, na mhasibu pamoja na mlinzi wa zamu ya usiku. Kisha kila mmoja ajiwekee lengo lake mwenyewe la juma, kwa kadiri ya mwili wake na shughuli zake. Mmoja ataandika dakika 150 za kukimbia. Mwingine, ambaye ametoka kujifungua au kuugua, ataandika dakika 40 za kutembea polepole. Mwenye kiti cha magurudumu ataandika dakika za kukisukuma kiti chake mwenyewe. Mwingine atacheza ngoma, mwingine rede, mwingine ataruka kamba.

Na alama zihesabiwe vipi? Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Zikihesabiwa dakika au kilomita za kikundi kizima, wenye nguvu watawabeba wengine, na wanyonge wataonekana mzigo hadi wachukiwe. Sisi tunasema wahesabiwe watu. Kikundi kipate alama moja kwa kila mtu aliyetimiza lengo lake. Kwa hesabu hiyo aliyetembea dakika 40 ana thamani sawasawa na aliyekimbia dakika 300, na mwanariadha hodari wa kikundi, akitaka kushinda, hana budi kwenda kumgongea mlango mwenzake aliyejifungia ndani. Huko kugonga mlango kwetu sisi ni nusu ya dawa. Mtu aliyezongwa na mawazo aghalabu hujitenga, na akijitenga mawazo humzidia. Mwenzake akija akamwambia, "Ndugu, twende tukatembee kidogo, tunakuhitaji," amempa mambo mawili kwa mara moja, yaani mwendo wa mwili na habari kwamba yuko mtu anayemhitaji.

Hesabu ziandikwe katika daftari la kawaida. Siku hizi simu nyingi huhesabu hatua, lakini mpishi wa shule hana simu ya namna hiyo, na mwanafunzi aghalabu haruhusiwi kuwa nayo bwenini. Shindano linalohitaji simu ya bei kubwa limekwisha kuwaacha watu nje kabla halijaanza. Watu wengine watauliza kama hapatakuwa na udanganyifu. Utakuwapo kidogo, kama ulivyopo katika kila jambo la binadamu. Dawa yake ni zawadi iwe ndogo, kwa mfano mpira mmoja au chakula cha pamoja, ili uongo usiwe na faida.

Yapo mambo matano ambayo tunayakataza kabisa. La kwanza ni fimbo na kila adhabu, maana mwili uliochapwa ili ukimbie hujifunza kuyachukia mazoezi maisha yote. La pili ni kuwapima watu uzito mbele ya wenzao na kuwatania wanene. La tatu ni kubandika ukutani majina ya walioshindwa. La nne ni kupanga mambo ya watu wenye ulemavu bila ya kuwauliza wenyewe kwanza. La tano ni kuwasahau wanawake na wasichana, ambao mara nyingi hukosa vazi la heshima la michezo, mahali pa kubadilishia nguo, na maji ya kutosha katika siku zao. Na ukiingia mwezi wa Ramadhani, ratiba iwafuate waliofunga, wala wasilazimishwe waliofunga kuifuata ratiba.

Tena tusiwe watu wa kipimo kimoja kwa kila mtu. Mtoto anayetembea kilomita tano kwenda shule na tano kurudi amekwisha kupita dakika zake 60 kabla hajafika nyumbani. Huyo hahitaji kuongezewa mbio. Anahitaji uji saa nne, na mchezo wa kumfurahisha. Mfagiaji na mpishi ambao wamesimama tangu alfajiri, nao mazoezi yao ni kiti, kunyoosha viungo na mapumziko halali. Mazoezi ya haki humpa kila mtu kile ambacho kazi yake imemnyima. Aliyekaa mno asimame, na aliyesimama mno akae.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo wafanyakazi wanalingojea kutoka katika ukurasa huu. Tunawaambia wakuu wa kazi bila ya kuficha kwamba shindano la mazoezi si badala ya haki. Mwajiri anayewapa watu fulana lakini hawalipi saa za ziada, au anayewahimiza kukimbia Jumamosi ilhali amewanyima likizo tangu mwaka jana, anafanya mzaha na afya yao. Mwalimu mwenye wanafunzi 100 katika chumba kimoja hataponywa kwa kutembea nusu saa, ingawa nusu saa hiyo itamsaidia. Kwa hiyo mazoezi yawe ndani ya saa za kazi, angalau mara mbili kwa juma, na yasiongezwe juu ya mzigo wa jioni ambao kwa akina mama wengi ndio mwanzo wa kazi ya pili. Na katika meza ileile ambapo kamati itapanga shindano, izungumzwe pia habari ya zamu, mapumziko, wingi wa kazi na lugha ya wakubwa kwa wadogo. Mkuu anayemtukana karani asubuhi hawezi kumponya kwa kumpigia filimbi ya mazoezi jioni.

Vilevile tunawaonya wale watakaosikia maneno haya na kwenda kumwambia mgonjwa, "Kimbia, utapona." Mtu ambaye huzuni yake imemzuia kula na kulala kwa majuma, au anayesema kwamba ni afadhali afe, anahitaji kupelekwa kwa mganga wa hospitali siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake. Kila kikundi kijue jina la mtu wa kumwendea katika hali hiyo, awe mwalimu wa ushauri nasaha, muuguzi, au afisa ustawi wa jamii. Mazoezi ni ngao na ni msaada wa tiba, lakini hayamfukuzi tabibu.

Watasimama watu waseme kwamba hakuna wakati, maana mtihani umekaribia. Tunawafahamu wakuu wa shule ambao kipindi cha michezo wamekigeuza kuwa kipindi cha hisabati. Nia yao ni njema, lakini njia si njema. Jembe lisilopumzishwa likanolewa hulima kidogo kwa jasho jingi. Nusu saa ya uwanjani si wizi wa masomo, na mtoto aliyelala vizuri na kuchangamka atasoma kwa saa moja yale ambayo aliyechoka hatayasoma kwa saa tatu.

Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mwananchi mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka na kuumia mguu katika mbio za marathoni. Aliendelea akichechemea, akaingia uwanjani wa mwisho kabisa, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia inamkumbuka Akhwari hadi leo, ingawa hakuleta medali. Taifa ambalo shujaa wake mmoja ni mtu aliyefika wa mwisho halina sababu ya kumwonea haya mtu anayekwenda polepole.

Basi wakuu wa shule, wenyeviti wa matawi ya wafanyakazi, maofisa utumishi na viranja, tunawaomba msingoje waraka. Daftari linapatikana dukani, uwanja upo, na watu mnao. Kaeni juma hili, pigeni kura ya vikundi, na kabla ya filimbi ya kwanza kulia nendeni mkatazame mlangoni mwa darasa na nyuma ya meza za ofisi, mwone ni nani ameachwa kulinda madaftari. Muulizeni angependa kufanya nini, kisha muanze naye.